Kabla ya kibali cha kokoto, tuwakumbuke tai wa majabali ya Iringa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie viongozi wa halmashauri za mkoa wa Iringa, pamoja na wananchi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, jambo ambalo nimelitazama kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa Jiografia na ambalo sasa naona haliwezi kungoja zaidi. Majabali yaliyotapakaa kuanzia pembezoni mwa mji wa Iringa, yakateremka kupitia Isimani na mlima Nyang'oro hadi Mtera, na kwa upande mwingine yakaelekea Kalenga, Idodi na Pawaga hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huchukuliwa na wengi wetu kuwa ni mahali pasipo na kitu. Hayalimiki, hayajengeki, na mifugo haipati malisho juu yake. Kwa hiyo anapotokea mtu anayetaka kupasua kokoto, ni nadra kumpata anayeona sababu ya kumzuia. Ombi langu ni hili: kabla jabali lolote halijatolewa kibali cha kupasuliwa, mtu mwenye ujuzi atumwe kwanza alikague, aone kama wanaishi humo tai, kozi au tumbusi, na matokeo ya ukaguzi huo yaandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji husika.

Watu wakisikia jina la Iringa hufikiria baridi, misitu ya Mufindi na mashamba ya chai. Lakini upande wa kaskazini na magharibi wa mkoa, katika bonde la Ruaha Mkuu, ni nchi ya mibuyu, miiba na vumbi, ambako mvua ni ya msimu mmoja na vijito vingi hukauka mapema wakati wa kiangazi. Hali yake inakaribiana na nusu jangwa, na katika nchi ya namna hiyo jabali lina kazi ambayo mlimani Udzungwa hufanywa na mti mrefu. Mwamba wa graniti hupashwa joto na jua mchana na kupoa usiku, mwaka hata mwaka, hadi tabaka lake la nje linabanduka kama ganda la kitunguu. Kubanduka huko huacha nyufa, vishubaka, mapango madogo na kingo bapa zilizoning'inia juu ya genge. Katika majangwa ya Marekani ya magharibi, ambako miamba mingi ni ya mchangatawe, kazi hiyo hufanyika kwa njia nyingine: tabaka laini huliwa na maji na upepo upesi kuliko tabaka gumu lililo juu yake, na hivyo genge hutobolewa mapango na kuachiwa dari. Mawe ni tofauti, lakini matokeo kwa ndege ni yaleyale.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze matokeo hayo kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ndege mla nyama anayetaga kwenye ukingo wa genge yuko mbali na nyegere, kenge, nyani na chui, ambao wote wangefurahi kupata yai au kinda. Akichagua ukingo wenye dari, kinda wake hupata kivuli saa za mchana, na hilo si jambo dogo, maana kinda asiye na manyoya kamili anaweza kufa kwa jua kali la Oktoba huko Pawaga hata kama hakuna adui aliyemgusa. Kisha kuna suala la upepo. Tumbusi mwenye uzito wa kilo 7 au 8 hawezi kupiga mabawa siku nzima. Hutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini na upepo unaogonga genge na kulazimika kwenda juu. Mwamba ulio wazi hupata moto mapema kuliko ardhi yenye majani, kwa hiyo ndege aliyelala juu ya jabali huweza kupaa akiwa hajatumia nguvu nyingi, na kutoka hapo huona mbuga yote iliyo mbele yake. Watu wa Isimani wanaoamka alfajiri kwenda shambani wamewaona ndege hawa wakiwa wametulia kwenye vilele wakisubiri jua.

Jamii ya kozi, akiwamo kozi anayejulikana duniani kote kwa kasi yake ya kumpiga ndege mwenzake angani, haijengi kiota kabisa. Jike hukwangua kidogo udongo au changarawe iliyo juu ya ukingo wa mwamba, akataga hapo. Maana yake ni kwamba kinachomfaa ni ule ukingo wenyewe, wenye upana wake, mwelekeo wake na dari yake, na kingo za namna hiyo si nyingi hata katika mlima mkubwa. Ndiyo sababu ndege hawa hurudi palepale kizazi baada ya kizazi. Huko Greenland, watafiti waliopima mabaki yaliyolundikana katika makazi ya kozi mkubwa wa kaskazini walitangaza mwaka 2009 kwamba eneo moja lilikuwa limeanza kutumika takriban miaka 2,500 iliyopita. Nikisoma habari kama hiyo huwa najiuliza ni vizazi vingapi vimelelewa katika magenge yetu ya Nyang'oro, ambayo hakuna aliyepima kitu chochote ndani yake, na ambayo baruti inaweza kuyamaliza kwa mchana mmoja. Yupo pia kozi mdogo wa Taita, aliyepewa jina la milima ya Taita ya nchini Kenya, ambaye huishi Afrika ya mashariki na kusini pekee, hutegemea magenge na makorongo, na amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kwa uchache wao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tai mweusi wa Verreaux, yule mwenye alama nyeupe mgongoni anapokunjua mabawa. Maisha yake yote yamefungwa na jabali, kwa sababu makazi yake na chakula chake viko mahali pamoja. Chakula hicho ni pimbi. Kila mtoto wa Iringa amewaona pimbi wakiota jua juu ya mawe asubuhi, kwa kuwa miili yao haiwezi kujipasha joto vizuri kama ya wanyama wengine, nao hawathubutu kwenda kula mbali na nyufa za kukimbilia. Katika vilima vya Matobo nchini Zimbabwe, ambavyo ni majabali ya graniti yanayofanana sana na ya kwetu, tai hawa wamekuwa wakihesabiwa na kufuatiliwa tangu mwaka 1964, na imeonekana kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya chakula chao ni pimbi. Jozi hutaga mayai mawili, lakini kinda anayetangulia kuanguliwa humuua mdogo wake karibu kila mara, kwa hiyo mwaka mwema huleta kinda mmoja tu. Tai huyu hajafikia hatua ya kutangazwa kuwa hatarini duniani. Hata hivyo, jozi moja ikipoteza jabali lake haiwezi kuhamia la jirani, maana la jirani lina wenyewe wanaolilinda, na mahali ambapo vijana wetu wamewamaliza pimbi kwa mitego na mbwa, hata jabali lililosalia zima halina faida kwake.

Jambo hilo la mwisho lilijifunzwa kwa gharama katika jangwa la jimbo la Idaho nchini Marekani, kando ya mto Snake, ambako magenge marefu yanawalea mamia ya jozi za tai, kozi, mwewe na bundi. Serikali ya huko ilitenga eneo la magenge mwaka 1971. Baadaye watafiti walipowafuatilia ndege waligundua kwamba wengi walikuwa wakienda kuwinda mbali katika uwanda wa juu, kule kwenye kindi wa ardhini na sungura, nje kabisa ya mpaka uliowekwa. Kulinda genge na kuacha uwanda ulimwe wote kungekuwa sawa na kumjengea mtu nyumba na kumnyima shamba. Mwaka 1980 mpaka ulipanuliwa sana, na mwaka 1993 Bunge la nchi hiyo likaupitisha kwa sheria. Kwa hiyo ninaposema jabali la Idodi likaguliwe, nakusudia pia kile kilicho chini yake na kando yake: malisho, vichaka na pimbi.

Lipo funzo jingine kutoka jangwa la Arizona, nalo linatuhusu moja kwa moja sisi tunaopakana na Ruaha. Kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga, alikuwa amebakiwa na ndege 22 tu duniani mwaka 1982, na kufikia mwaka 1987 wote waliokuwa porini walikuwa wamekamatwa ili wazalishwe kwenye vizimba. Mwaka 1996 walianza kuachiliwa katika magenge mekundu yanayoitwa Vermilion Cliffs, yaliyochaguliwa kwa sababu yana mapango, upepo unaopanda na nafasi kubwa isiyo na watu. Kondori hajengi kiota. Hutaga yai moja tu juu ya sakafu ya pango. Leo idadi yao, wa porini na wa vizimbani pamoja, imepita 500. Lakini bado wanakufa, na kinachowaua zaidi ni risasi, ile madini yenyewe, wanayoimeza pamoja na nyama ya wanyama waliopigwa na wawindaji. Mwamba uliwapa mahali pa kurudi. Nyama yenye sumu inawatoa tena.

Na kwetu hali ni hiyohiyo. Mwaka 2015 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulipandisha daraja la hatari la tumbusi wa Afrika, na aina nne, yaani tumbusi mgongo-mweupe, tumbusi wa Rüppell, tumbusi kichwa-cheupe na tumbusi mdogo mwenye kofia, zikawekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Mwaka 2020 wakafuata pungu, pamoja na tai mwingine mkubwa mwenye kifua chenye madoadoa anayewinda hata swala wadogo, na karani tamba, wote wakatajwa kuwa hatarini. Wengi wa ndege hawa wanapatikana Ruaha. Ni haki niseme kwamba si wote hutaga kwenye mwamba: tumbusi mgongo-mweupe na pungu hutaga juu ya miti, ilhali tumbusi wa Rüppell ni wa magenge, na koloni zake zinazofahamika sana hapa nchini ziko kaskazini, katika milima ya Gol karibu na Serengeti. Lakini hata wale wa mitini hutumia upepo unaopanda kwenye majabali, hupumzika juu yake, na hutazama kutoka hapo palipo na mzoga.

Sababu kubwa ya kupungua kwao ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba huweka sumu ya mashambani katika mzoga, akidhani anamlipiza simba peke yake. Mwezi Februari 2018, simba 6 na tumbusi 74 walikutwa wamekufa kwa sumu katika eneo la Ruaha. Huko Botswana, mwaka 2019, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili iliua tumbusi 537 kwa mara moja. Majangili hufanya hivyo kwa sababu ndege wanaozunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Ndege anayeanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitano au zaidi, na anayetaga yai moja kwa msimu, hawezi kufidia hasara ya namna hiyo. Mwananchi anayeuliza sisi tunapata faida gani kwa tumbusi naye anastahili jibu: utafiti uliofanyika nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mzoga usiofikiwa na tumbusi hukawia kuisha karibu mara tatu ya ule uliofikiwa nao, na wakati huo wote fisi, mbweha na mbwa wa vijijini hukutana hapo na kuambukizana maradhi.

Nimeeleza sumu kwa sababu sitaki msomaji afikiri kwamba tukizuia kokoto tutakuwa tumewaokoa ndege hawa. Hatutakuwa tumewaokoa. Lakini vita dhidi ya sumu ni ya miaka mingi, inahitaji fidia, mazizi imara, elimu na polisi, wakati suala la jabali linaweza kuamuliwa na mkutano wa kijiji na ofisi ya halmashauri. Na tofauti yake na sumu ni kwamba sumu ikikomeshwa ndege wanaweza kuongezeka tena, ilhali jabali lililopasuliwa halirudi.

Ninajua vizuri ugumu wa upande wa pili. Mji wa Iringa unakua, barabara zinajengwa, na kila msingi wa nyumba unadai kokoto. Pembeni mwa barabara zetu wako akina mama wanaogonga mawe kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwa tripu moja ya kokoto wanalipa ada ya shule na kununua unga. Siwezi kuwaandikia watu hao barua ya kuwataka waache kazi. Ninachokiona ni kwamba kazi hiyo haina ulazima wa kufanyika katika kila jabali. Yapo mawe mengi madogo, yaliyolala, yasiyo na genge wala ukingo, ambayo hayafai kwa kozi wala kwa tai, na ambayo yangetosha mahitaji ya kata nzima kwa muda mrefu kama yangepangwa vizuri. Badala yake, mara nyingi huanza kupasuliwa jabali refu lililo karibu na barabara, kwa sababu lori linafika kirahisi. Mwamba huchomwa moto kwa magogo na matairi ili upasuke, moshi mweusi unapanda usoni mwa genge siku kadhaa, na ndege aliyekuwa akiatamia anaondoka hata kabla nyundo haijafika alipo. Aidha, iko njia ya kuchimba isiyoharibu kila kitu: katika Uingereza na Ireland kozi wengi sasa wanataga kwenye kuta wima za machimbo ya mawe yaliyoachwa, kwa sababu wachimbaji waliacha ukuta umesimama. Machimbo yetu madogo husawazisha jabali hadi usawa wa ardhi, na hayaachi ukuta.

Kuhifadhi mwamba si wazo geni kwetu. Gangilonga, lililo juu ya mji, limeachwa kwa heshima ya Mtwa Mkwawa na historia ya Wahehe, na hakuna mkazi wa Iringa ambaye angekubali lipasuliwe. Isimila inalindwa kwa ajili ya zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Igeleke inajulikana kwa michoro yake ya miambani. Jirani zetu wa Botswana wamekwenda hatua nyingine: karibu na kijiji cha Otse, pembeni mwa nchi kavu ya Kalahari, wametenga kilima kimoja, Mannyelanong, kuwa hifadhi kwa ajili ya koloni la tumbusi wa Rasi wanaotaga kwenye genge lake. Kilima kimoja kidogo, kilichozungushiwa uzio, chini yake kijiji kikiendelea na maisha.

Sheria za kufanya hivyo tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakipa kijiji uwezo wa kupanga sehemu ipi iwe ya makazi, ipi ya malisho na ipi ihifadhiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka utaratibu wa kutathmini athari za miradi. Vijiji vya Idodi na Pawaga, kupitia jumuiya yao ya MBOMIPA, vina uzoefu wa muda mrefu wa kusimamia wanyamapori kwenye ardhi yao, na vina askari wa vijiji wanaolijua kila korongo. Kumfundisha askari wa namna hiyo kutambua jabali lenye kiota si kazi ya mwaka mzima. Alama kubwa ni kinyesi cheupe kinachochuruzika kwenye ukuta wa mwamba chini ya ukingo. Nyingine ni lundo la vijiti, ambalo kwa tai mweusi huweza kufikia upana wa karibu mita 2, na mifupa ya pimbi iliyotawanyika chini yake. Orodha ya majabali hayo ikishapatikana, ofisi inayotoa leseni za uchimbaji mdogo iwe na nakala, ili mwombaji aelekezwe jabali jingine kabla hajatumia fedha zake, badala ya kuja kufukuzwa baadaye akiwa amekwisha kuajiri watu.

Kuna jambo la wakati pia, ambalo halihitaji fedha yoyote. Tai mweusi katika nchi za kusini mwa Afrika hutaga zaidi kati ya mwezi Aprili na Julai, huatamia kwa muda wa mwezi mmoja na nusu hivi, kisha kinda hukaa kiotani miezi mitatu hivi kabla ya kuruka. Huo ni msimu wa kiangazi, ambao ndio hasa msimu wa kupasua mawe, kwa vile barabara za vijijini zinapitika na watu wamemaliza mavuno. Naziomba halmashauri za Iringa, na zile za Mbeya na Njombe zenye magenge kama hayo, zianze na sharti hili dogo wakati ukaguzi ukiandaliwa: baruti na moto visitumike katika jabali lolote lenye alama nilizozitaja kuanzia Aprili hadi mwisho wa Novemba, na mwenyekiti wa kijiji awe na mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo akiona sharti hilo limevunjwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Isimani, Iringa.